Maji Kwanza, Samaki Baadaye



Sisi watu wa pwani tunaoishi Nairobi huikosa bahari kwa namna nyingi. Wako wanaoikosa kwa pua, kwa ile harufu ya mwani maji yanapokupwa. Wako wanaoikosa kwa macho. Huenda ndiyo sababu, ukizuru nyumba za jamaa zetu Kileleshwa, Lavington au Westlands, unaweza kukuta sebuleni tangi la kioo lenye samaki wa baharini, wa manjano, wa buluu na wa chungwa, wakielea juu ya mawe. Mgeni humtukuza Muumba, akaketi kutazama. Lakini ukirudi baada ya mwezi, mara nyingi tangi limekuwa tupu, au lina samaki wengine badala ya wale wa kwanza, na mwenyeji hapendi kuulizwa.

Binti yangu, mwenye umri wa miaka tisa, aliniuliza mimi badala ya kumuuliza mwenyeji: wale wa kwanza walikosa nini? Na kwa kuwa naye alikuwa akinisihi tununue samaki wetu, niliona si haki kumjibu kwa kukisia. Nilisoma, nikauliza wenye maduka katikati ya jiji, nikawapigia simu jamaa walioko Shimoni. Jawabu nililolipata ni fupi. Samaki wengi wapya hawafi kwa kukosa chakula, wala kwa kukosa mapenzi. Hufa kwa sababu waliletwa nyumbani kabla ya nyumba kuwa tayari.

Tuanze na safari ya samaki mwenyewe. Wapiga mbizi wa Shimoni na wa fukwe za kaskazini ya Mombasa humkamata miambani kwa nyavu ndogo. Wengi wa samaki hawa wa mapambo hupelekwa Ulaya na Marekani kwa ndege. Ni biashara ya miongo mingi, na watafiti wa taasisi yetu ya bahari na uvuvi, KMFRI, wameichunguza. Wachache huishia madukani Nairobi. Kabla ya safari samaki hunyimwa chakula ili asichafue maji, kisha hutiwa katika mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni. Akifika dukani hutiwa katika maji mengine, pamoja na samaki wa kutoka kwingine. Kwa hiyo siku mtoto anaponyoosha kidole na kusema "nataka yule", yule ni msafiri aliyechoka, mwenye njaa, aliyebadilishiwa maji mara kadha wa kadha, na huenda amekwisha ambukizwa maradhi ambayo bado hayajaonekana.

Tena amepandishwa mlima. Vitongoji vya magharibi ya Nairobi viko takriban mita 1,700 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji ya joto hilohilo yaliyoko Mombasa. Maji ya chumvi nayo, kwa tabia yake, hushika oksijeni kidogo kuliko maji matamu. Vitabu vingi vya ufugaji huu vimeandikwa na watu wa nyanda za chini. Idadi ya samaki wanayoiruhusu kwa kila lita, sisi wa Nairobi inatupasa kuipunguza, na uso wa maji tuuache wazi, pampu ikiutikisa usiku na mchana ili hewa iingie.

Sasa tuyatazame maji. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi chake. Baharini amonia hiyo hupotea katika maji yasiyo na mwisho. Ndani ya kioo hubaki, na huunguza matamvua hata ikiwa kidogo sana. Kinachomwokoa samaki ni bakteria wasioonekana, wanaokaa juu ya mawe, mchanga na kichujio. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitraiti, nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hawa hawanunuliki kwa haraka. Kuwakuza huchukua kwa kawaida wiki 4 hadi 6, na katika muda huo tangi halitakiwi kuwa na samaki hata mmoja. Hutiwa kipande cha kamba mbichi, kikaoza humo, kikawalisha bakteria. Kwa vifaa vidogo vya kupimia, mtu huiona amonia ikipanda kisha ikishuka, nitraiti ikapanda kisha ikashuka. Zote mbili zikisoma sufuri, na amonia mpya ikitiwa ikamalizika ndani ya siku moja, ndipo maji yanapokuwa hai.

Wiki 6 hizo zilikuwa mtihani nyumbani kwangu. Tangi la lita 200 lilisimama sebuleni na mawe yake, taa ikiwaka, pampu ikinguruma, na ndani hamna kitu. Wageni walicheka. Mamamkwe aliuliza kama tumekosa fedha ya samaki. Binti yangu ndiye aliyekuwa na kazi ya kupima kila Jumamosi na kuandika tarakimu katika daftari, na nadhani daftari lile lilimfunza subira kuliko mawaidha yangu mengi.

Kuhusu chumvi, akina mama tusidanganywe na jina. Chumvi ya jikoni ni kitu kimoja tu kilichosafishwa, na mara nyingi huongezwa madini ya joto. Maji ya bahari yana magnesi, kalsi na madini mengine mengi ambayo viumbe vyake huyahitaji. Hutumika chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi, takriban gramu 35 kwa kila lita, yaani kilo 7 kwa lita 200. Wako wanaotamani kuletewa mitungi ya maji kutoka Nyali. Lakini njia ni karibu kilomita 500, na vijidudu vilivyomo hufa na kuoza mtungini, licha ya uchafu wa ufukwe wenyewe.

Maji ya bomba ya Nairobi, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini, yametiwa klorini. Lazima iondolewe kwa dawa yake au kwa kichujio kizuri. Maji ya visima virefu vya vitongoji vyetu mara nyingi yana floraidi nyingi, kwa hiyo hayafai kutiwa bila kuchujwa.

Na kuna jambo ambalo mpishi yeyote atalielewa. Mchuzi ukichemka sana huzidi chumvi, kwa sababu mvuke hupanda na chumvi hubaki. Tangi ni vivyo hivyo, hasa Januari na Februari hewa ya Nairobi inapokauka. Maji yaliyopungua kwa mvuke hujaziwa maji matamu yaliyochujwa, kidogo kidogo kila siku. Anayejaziza maji ya chumvi huongeza chumvi juu ya chumvi.

Maji yalipokuwa tayari, ndipo tulipokwenda mjini. Niliwahi kuambiwa kwamba samaki wa kununua katika Soko la City, karibu na Msikiti wa Jamia, huchaguliwa kwa jicho na tamvua. Kanuni hiyo inafaa kwa walio hai pia. Jicho liwe angavu, pezi zisiwe zimesinyaa, tumbo lisiwe limebonyea, na pumzi isiwe ya haraka. Nami niliongeza sharti moja: muuzaji amlishe mbele yangu. Samaki wa mwambani asiyekula dukani hatakula nyumbani. Nikamuuliza pia maji yake yana chumvi kiasi gani, kwa sababu maduka mengine hupunguza chumvi ili kupunguza vimelea na gharama. Samaki huvumilia kupunguziwa chumvi; kuongezewa ghafla humdhuru. Mwenye duka alijibu vizuri, tukachukua wawili wa jamii ambayo watoto wote huiita Nemo kwa sababu ya filamu ya mwaka 2003. Mtoto alifurahi alipojua kuwa samaki hawa wote huanza maisha wakiwa madume, na kwamba katika jozi yule mkubwa ndiye huwa jike na mtawala wa nyumba. Baba yake alinyamaza.

Namna ya kuwahamisha nayo ina elimu yake. Mfuko hufungwa na kuelezwa juu ya maji, bila kufunguliwa, kwa dakika 15 au 20 hadi joto lilingane. Kwa samaki aliyetoka dukani mjini, safari ya nusu saa, mtu anaweza kuongeza maji ya tangi katika chombo chake kidogo kidogo kwa muda wa dakika 30 hadi 60. Lakini kwa samaki aliyelala mfukoni usiku kucha kutoka pwani, kukawia ni hatari. Ndani ya mfuko uliofungwa, pumzi ya samaki huyafanya maji kuwa makali kama ya ndimu, na ukali huo huipunguzia amonia sumu yake. Mfuko ukifunguliwa, hewa ile hutoka, ukali hushuka, na amonia yote iliyorundikana hugeuka sumu kwa mara moja. Huyo anatakiwa kutolewa upesi na kutiwa katika maji yaliyokwisha andaliwa kwa kiwango cha chumvi alichotoka nacho. Na kwa hali yoyote, maji ya mfukoni hayamwagwi tangini. Taa huzimwa, samaki akaachwa na maficho yake hadi kesho, bila watoto kugonga kioo.

Wala hawakutiwa katika tangi kubwa. Walitiwa katika tangi dogo la lita 40, chumbani, lenye pampu, hita na vipande viwili vya bomba la plastiki vya kujifichia, wakae humo wiki 4. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Katika ufugaji huu maneno hayo ni ya kweli kwa aliye hai. Maradhi makuu ya samaki wa bahari waliofungwa ni ya madoa meupe, kama punje za chumvi juu ya ngozi. Kimelea chake hukaa juu ya samaki siku 3 hadi 7, kisha humwacha, huanguka chini na kujifunga kama yai. Mtu hudhani samaki amepona. Baada ya siku kadhaa, na wakati mwingine majuma, yai hupasuka na kutoa mamia ya vimelea vinavyotafuta samaki. Yakiingia tangi kubwa, dawa ya uhakika ni kuwaondoa samaki wote na kuliacha bila samaki kwa zaidi ya miezi miwili. Dawa ya shaba huwaponya samaki, lakini huua kamba na konokono, kwa hiyo haitiwi humo kamwe.

Haya niliyajua kwa kusoma. Niliyaona kwa macho siku kaka yangu alipotuletea zawadi kutoka duka jingine: kangaja wa buluu wa mwambani kwetu, mwenye pezi la manjano mgongoni, mzuri kupita maelezo. Wapwani tumemzoea kangaja ndani ya dema na ndani ya mchuzi. Huyu alikuwa hai, akimtazama binti yangu. Wale wawili walikuwa wamekwisha maliza wiki zao 4 na kuingia tangi kubwa, na tangi dogo lilikuwa limeoshwa na kukaushwa. Mtoto alitaka akae na wenzake usiku uleule. Nilikataa, na kaka yangu aliona nazidisha. Siku ya 4, ubavu wa kangaja ulikuwa na madoa meupe.

Tulimtibu bila dawa, kwa njia ambayo gharama yake ni maji na jasho. Kwa kuwa kimelea kikianguka huhitaji angalau siku 3 kabla ya kuanza kutoa wengine, samaki huhamishwa kila baada ya siku 3 kwenda chombo kingine kikavu kilichotiwa maji mapya, mara 4 mfululizo. Vimelea vilivyoanguka huachwa nyuma. Chombo cha kwanza humwagwa, huoshwa na kukaushwa kabisa, pamoja na pampu yake na neti. Hata tone lisihame. Kwa siku 12 nyumba yetu ilikuwa na mabeseni na vipimajoto, mume wangu akichanganya chumvi baada ya Isha na mimi nikilinganisha joto. Mtoto alimlisha mwani mkavu usiotiwa viungo, ambao ndio chakula cha jamii yake. Siku ya 13 hakuwa na doa, na hayakurudi katika wiki zilizofuata.

Lakini kupona hakukumaliza swali. Kangaja huyu hukua hadi kupita sentimita 20, na ni samaki wa kuogelea masafa marefu; hugombana na kudhoofu katika tangi fupi, na madoa humrudia kwa urahisi. Lita 200 kwake ni kama chumba cha kupanga. Kaka yangu alishauri arudishwe Shimoni, jambo lililonigusa, lakini halifai: samaki aliyechanganyika dukani na samaki wa bahari nyingine anaweza kupeleka mwambani maradhi ambayo hayakuwako. Tukampeleka kwa familia moja yenye tangi la zaidi ya lita 600. Binti yangu alilia usiku ule. Nilimwacha alie. Kisha nikamwambia kwamba angeweza kukaa naye akiwa mgonjwa kila mara, au kumwachia nafasi awe mzima, na kwamba vyote viwili kwa pamoja havikuwezekana katika nyumba yetu. Hakunijibu, ila asubuhi aliuliza kama wale wawili wamekula.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo mwenyeji wa Nairobi lazima ayapange mapema. La kwanza ni baridi. Samaki hawa wanataka nyuzi 25 au 26, na usiku wa Julai hapa hushuka hadi 12 au chini ya hapo. Hita si anasa. La pili ni stima. Ikikatika, pampu husimama, na katika hewa hii nyepesi oksijeni huisha mapema. Pampu ndogo ya betri na blanketi la kuzungushia kioo vimetuvusha usiku mwingi. Kichujio kilichofungwa, kikizimika saa nyingi, huoshwa kabla ya kuwashwa, maana bakteria waliokufa humo ni sumu.

Huenda msomaji akauliza kama kuna haja ya yote haya. Ni swali la haki, na dini yetu imeligusa. Sote tumefunzwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Na tumefunzwa pia habari ya Abu Umayr, mdogo wake Anas, aliyekuwa na ndege wake mdogo, na Mtume (S.A.W.) akamuulizia kwa upole, wanazuoni wamechukua humo ruhusa ya kumweka ndege kwa wema. Habari mbili hizi ukizisoma pamoja zinaonyesha kwamba kuweka kiumbe kunaruhusiwa, na kwamba anayekifungia amebeba riziki yake yote. Kwa samaki, riziki hiyo si chakula pekee. Maji anayoyavuta, joto na pumzi yake vimo mikononi mwetu. Paka akisahauliwa hulia; samaki hana sauti.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa dada zangu ni mwepesi kuusema. Mwenye nafasi ya muda na ya fedha, na aanze kwa tangi tupu, samaki wachache, na chumba cha kuwatenga wageni. Akipata samaki waliozaliwa katika matangi badala ya kutolewa mwambani, na achague hao. Mawe na makombe asiyatoe katika hifadhi zetu za bahari. Malindi na Watamu zimehifadhiwa tangu mwaka 1968, na uzuri tunaoutamani ni matunda ya ulinzi huo. Asiye na nafasi, na awapeleke watoto Kisite wakati wa likizo, wavae miwani ya maji, wamwone kangaja akiwa na bahari nzima ya kuogelea. Hapatapungua kitu katika mapenzi yao.

Wale wawili wetu wanakaribia mwaka sasa. Yule mkubwa ameanza kumfukuza mwenzake nyakati za kulishwa, dalili kuwa jike amejulikana. Daftari la Jumamosi limejaa, na binti yangu ameomba jingine.

Wabillahi tawfiq.